Daftari la Makosa Yangu

Ratiba yangu ya kwanza ya kudurusu ilikuwa nzuri kuliko ratiba yoyote niliyopata kuiona. Niliichora nyuma ya kalenda kuukuu ya duka la vyombo, kwa kalamu za rangi tatu nilizoazima kwa binti yangu, mistari nikaipiga kwa rula. Nikaibandika kwenye mlango wa kabati kwa plasta ya vidonda, maana gundi ilikuwa imekauka. Kazi hiyo ilinichukua alasiri mbili nzima. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne, na nilipoitazama ratiba ile nilijiona nimeshafaulu.

Shule niliiacha kidato cha tatu, nikaolewa, nikatoka kwetu Kisauni nikahamia Chaani, kwenye ploti ya vyumba vinane vinavyotazama ua mmoja. Mume wangu hufanya kazi ya zamu kwenye yadi ya makontena. Mimi kwa miaka sita nilikuwa nikisaidia katika chekechea moja ya mtaani, na sioni haya kusema kwamba nilikuwa hodari. Watoto waliokuja wakilia mwezi wa kwanza, mwezi wa pili walikuwa wakilia kwa kutotaka kurudi nyumbani. Siku moja mwalimu mkuu akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia kwamba mambo ya kufundisha bila cheti yamefika mwisho. Alinipa mwaka mmoja. Nifanye mtihani, nipate alama za kuingia chuo cha ualimu, na hasa alama ya Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha nitakayowalea nayo wale wadogo. Nisipopata, darasa langu atapewa mtu mwingine.

Basi ratiba ilikuwa na Hisabati mara tano kwa wiki, Kiingereza mara nne, Biolojia, Kemia, Historia, na Dini siku ya Ijumaa. Saa zangu zilikuwa kati ya adhuhuri na alasiri, watoto wangu wakiwa madrasa, ua umetulia, hata kuku wamelala. Kiswahili sikukipa hata nusu saa.

Sikusahau. Niliacha kwa makusudi, na ningeulizwa ningecheka. Mimi ni mtoto wa Mvita kwa baba na kwa mama. Bibi yangu alikuwa akitukaripia kwa mashairi. Baba, karani mstaafu wa bandarini, hana ugomvi na mtu yeyote duniani isipokuwa watangazaji wa redio. Huwasahihisha kwa sauti, akiwa peke yake sebuleni, na wasipojirekebisha huwazima. Nilipomwambia nasajili masomo saba, alihesabu kwa vidole, akakikunja kile cha Kiswahili.

"Hicho kitoe," akasema. "Mtu yuwasoma lugha ya mamake?"

Chumba cha tatu kutoka kwangu alikaa mwanamke wa Kitui, huko bara, aliyekuwa akishona katika kiwanda cha nguo upande wa uwanja wa ndege. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka michache, hana mume, hana makelele. Naye alikuwa mtahiniwa wa kujitegemea kama mimi, na Jumamosi asubuhi tulienda pamoja kwenye tuisheni. Alitaka kusomea uuguzi. Ratiba yake ilikuwa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne ndani ya simu yake, kimejaa mikwaruzo, na Kiswahili kilikuwamo karibu kila siku. Nilimtania sana. Nilimwambia Kiswahili cha kwenye vitabu kina mifupa, ni kama samaki aliyekaushwa, aje kwangu nimpe kibichi. Alikuwa akicheka, kisha anarudi kusoma.

Mtihani wa majaribio tuliufanya mwezi wa saba. Karatasi za Kiswahili niliziingia kama mtu anayeingia jikoni kwake. Niliandika na nikafurahi. Wiki mbili baadaye mwalimu wa tuisheni aliturudishia majibu, akazigawa karatasi zimekunjwa ili mtu asione ya mwenziwe. Hisabati nilipata B. Kiswahili nilipata D.

Nilidhani amenipa karatasi ya mtu. Nilitazama jina, likawa langu. Jirani yangu alipata B ya Kiswahili, na Hisabati akaambulia E.

Nililia, tena si kidogo, chooni, bomba la maji nimelifungulia ili nisisikike. Kilichoniuma kwanza kilikuwa aibu. Watoto wa chekechea nilikuja kuwakumbuka baadaye, na hilo nalo lilinitia aibu nyingine.

Siku mbili nilijifanya nina homa. Siku ya tatu nikachukua karatasi zangu nikaenda kubisha chumba cha tatu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi mgongo wangu ulikuwa haujazoea. Alinikaribisha kitandani, maana kiti kilikuwa kimoja na kilikuwa na cherehani. Alisoma karatasi zangu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha akauliza:

"Vitabu vya fasihi ulivisoma?"

"Nilisema nitavisoma wiki ya mwisho."

"Na hapa wamekuuliza uandike kumbukumbu za mkutano. Wewe umeandika habari ya harusi."

"Ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa nzuri sana," akasema, na hakuwa ananikejeli. "Lakini hawakukuuliza. Na ufupisho? Kifungu kina maneno mia moja. Wewe umekifupisha kwa maneno mia na kumi."

Hapo tulicheka wote wawili, mimi machozi yakinitoka tena.

Tukapatana. Jumatano na Jumamosi, baada ya alasiri, saa moja ya Kiswahili ananifundisha yeye, saa moja ya Hisabati namfundisha mimi. Lakini kabla ya yote aliomba kuiona ratiba yangu. Nikampeleka mbele ya kabati. Aliitazama kwa heshima, kama watu wanavyotazama kanga mpya, kisha akaniuliza ni somo gani nalipenda zaidi. Nikasema Hisabati. Akaniuliza ni lipi lina saa nyingi zaidi. Nikamwonyesha Hisabati tena.

"Unasoma unachokijua, halafu unafurahi kwamba unakijua," akasema. "Huko si kudurusu, ni kujipongeza."

Mimi mtu wa hasira za karibu. Ingalikuwa siku nyingine ningalimjibu. Siku ile niliibandua plasta.

Alivyopanga yeye hakupanga kwa saa, alipanga kwa kazi. Hakuandika "Kiswahili, saa moja." Aliandika: ufupisho mmoja, dakika ishirini, kengele ya simu ikilia weka kalamu. Sura mbili za riwaya, kisha funga kitabu useme yaliyotokea bila kuchungulia. Jambo gumu lije kwanza, kabla kichwa hakijachoka, na lile ulipendalo likae mwisho liwe kama tunda. Siku moja katika wiki isiwe na kitu kipya kabisa. Ni ya kurudia yaliyokushinda. Na kwa hayo yaliyokushinda alikuwa na daftari.

Alilianzisha daftari langu yeye mwenyewe, la kurasa tisini na sita, jalada la buluu. Kila aliponisahihisha aliandika kosa langu upande wa kushoto, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa kubwa zilizosimama wima, na upande wa kulia nikalazimika kumwambia sababu, naye akaiandika. Sikujua. Sikusoma swali. Muda ulinikimbia. Nilijidai. Hiyo ya mwisho ilikuwa yangu, na katika mwezi wa kwanza ilijaa kurasa. Kosa nikilikwepa mara tatu kwa wiki tatu tofauti, alilipiga mstari.

Nilianza kumpenda. Mume wangu akiwa zamu ya jioni tulikula pamoja, yeye akipika githeri ya mahindi na maharagwe na mimi nikiitia nazi, tukibishana. Hisabati ilimtisha tangu utotoni, na nilimfundisha kama ninavyowafundisha watoto, kwa mbegu za mkwaju juu ya mkeka. Alipolipata swali lake la kwanza la nyuzi za pembetatu alisimama akapiga makofi hata ua mzima ukatoka kutazama. Mwezi wa tisa mwalimu wa tuisheni alitupa zoezi, nikapata C. Niliibusu ile karatasi.

Jumamosi iliyofuata baba alikuja kututembelea bila kupiga simu, kama ilivyo desturi yake. Tulikuwa uani, mkekani, vitabu vimetuzunguka. Alibisha hodi na mfuko wa machungwa mkononi, nikamwamkia, na jirani yangu naye akamwamkia shikamoo, akainuka akamletea kile kiti chake cha cherehani, akamnawisha mikono, akamkatia chungwa. Baba alipendezwa naye. Akala chungwa lake polepole, na kwa mkono mwingine akaokota daftari la buluu lililokuwa karibu na mguu wake.

Nilimwona akilifungua. Ningeweza kusema jambo wakati ule. Nilikuwa na muda wa kutosha kabisa.

Akasoma ukurasa, akaona mwandiko si wangu, akatabasamu. Akageuza wa pili, mabega yakaanza kumcheza.

"Ala! Kaambiwa aandike mkutano, kaandika harusi!" Akacheka kicheko chake kile cha kupangusa macho. "Kafupisha maneno mia kwa mia na kumi! Wallahi huyu kazi anayo." Kisha, kwa kuwa baba si mtu mbaya, akamgeukia jirani yangu kwa huruma kabisa. "Usivunjike moyo, mwanangu. Lugha ngumu hini kwa mtu aliyetoka bara. Bahati yako mwalimu umempata papa hapa uani." Akanitazama mimi. "Wamfundisha vyema lakini?"

Jirani yangu alikuwa ameshika kisu na nusu ya chungwa, ananitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anangoja tu, kama mwalimu anayejua kwamba jibu unalo.

"Najaribu, baba," nikasema.

Maneno mawili. Nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko kitu chochote nilichokariri mwaka ule.

"Ahsante, mzee," jirani yangu akasema. "Nitajitahidi." Akaliweka chungwa sahanini, akasema nguo zake zimekauka, akaenda kuzianua. Kamba ilikuwa na shuka moja.

Baba alipoondoka nilikwenda kubisha. Alifungua mlango nusu.

"Nisamehe," nikasema.

"Kwa nini hukusema?"

Nilitafuta jibu la adabu nikalikosa, nikamwambia ukweli: kwamba baba kanijenga hivyo, kwamba ndugu zangu wote wamesoma kunishinda, na hicho Kiswahili ndicho kitu pekee ambacho mbele ya baba sijawahi kuwa mjinga.

"Kwa hiyo mjinga niwe mimi," akasema.

"Sikukusudia."

"Najua." Akashika ukingo wa mlango. "Utamwambia?"

"Nitamwambia, inshallah."

"Inshallah yenu naijua," akasema, na mlango akaurudisha taratibu.

Nilidhani hatakuja tena. Afadhali asingekuja. Jumatano, adhana ya alasiri ilipokwisha, alikuwa mlangoni na vitabu vyake. Alinifundisha saa moja kamili. Nikamfundisha saa moja. Simu ilipolia aliweka kalamu, akakusanya vitu vyake, akaaga. Chai hakunywa, alisema ameshakunywa. Jumamosi vilevile, na Jumatano iliyofuata, na zote mpaka mtihani. Hakuchelewa hata dakika, hakunificha hata jambo moja alilolijua, makosa yangu aliyaandika kwa mwandiko uleule. Ratiba ile tuliitimiza yote, hakuna siku iliyoruka, na sijapata kuwa mpweke kama nilivyokuwa pembeni mwa mwanamke yule juu ya mkeka ule.

Kila Jumapili niliposhuka Kisauni kumwona baba nilijiambia leo. Kisha naona redio, naona kiti chake, naona anavyofurahi nikiingia, najiambia nikishafanya mtihani. Nilipofanya mtihani nikajiambia matokeo yakitoka. Nilikuwa nimejifunza kupanga kila kitu isipokuwa hicho.

Matokeo yakatoka. Kiswahili nilipata C ya juu, na Hisabati B, na chuo kikanichukua. Darasa langu la chekechea nikalihifadhi. Yeye alipata A ya Kiswahili, ile yenye mkia wa kutoa, na Hisabati akapata C, akapata nafasi ya uuguzi huko bara. Alihama mwezi wa tatu, na godoro, cherehani na masanduku mawili. Nilimsaidia kufunga kamba. Tulishikana mikono. Hakuniuliza, nami sikusema. Baba alipiga simu kwa shangazi zangu wote kuwaambia kwamba damu haipotei.

Imepita miaka mitatu. Kisa cha daftari baba amekifanya kisa chake. Hukisimulia kwenye posa, kwenye hitima watu wakishamaliza kula, popote penye kahawa, na kila mwaka kinakua. Maneno mia na kumi yamekuwa mia mbili. Mwanamke wa bara ameongezewa lafudhi ambayo hakuwa nayo. Mimi nimo ndani yake, mwalimu mwenye subira, na huwa namimina kahawa huku nimeinamisha kichwa, watu wakidhani ni unyenyekevu.

Idd hii tulikuwa Kisauni, wanawake na wanaume sebule moja, kwa kuwa sote ni ndugu. Baba akaanza. Alipofika kwenye lafudhi, nilimsikia binti yangu akicheka. Ana miaka kumi na minne na darasani mwake ana wenziwe wa kila kabila. Alicheka kwa nguvu, akaigiza ile lafudhi, akaigiza vizuri, na shangazi zangu wakampigia vigelegele.

Mwanamke yule alimwosha mwanangu huyu miguu, alimpa wali siku nilizochelewa.

"Baba," nikasema, "lile daftari lilikuwa langu."

Baba bado alikuwa na tabasamu. "Lako vipi?"

"Makosa yote ni yangu. Harusi ni mimi. Maneno mia na kumi ni mimi. Mwandiko ulikuwa wake kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akinisahihisha. Bila yule mwanamke ningefeli Kiswahili, na darasa ningelipoteza. Siku ile uliponiuliza, nilikudanganya, naye alikuwa amekaa pale anasikia."

Shangazi mmoja aliweka kikombe chini. Baba alinitazama, na nikaona anakumbuka, si kisa, bali siku yenyewe.

"Alininawisha mikono," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Nami nimemcheka miaka mitatu." Akaonyesha simu yangu kwa kidole. "Mimi nilicheka kwa kutojua. Wewe ulijua. Mpigie."

Nilitoka uani, nikampigia. Nambari nilikuwa nayo wakati wote. Nyuma yangu nilisikia kiti kikisukumwa, na baba akaja akasimama kizingitini. Simu iliita mpaka nikadhani itakatika, kisha akapokea, nikasikia nyuma yake sauti za wodi, vyuma na watu. Nilijitaja. Hakunijibu salamu.

"Umemwambia?" akauliza.

"Nimemwambia."

"Mkiwa wawili?"

"Mbele ya watu wote. Leo hii. Yuko hapa amesimama."

Nilimsikia akimwambia mtu huko aliko angoje kidogo.

"Basi mwambie shikamoo," akasema.

Nikamgeukia baba. "Asema shikamoo."

Baba hakumwitikia kupitia kwangu. Alikuja akaichukua simu mkononi mwangu, akaiweka sikioni kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Mimi ndimi niliyekucheka."